Mafuta Yasiyoisha

Gari lile la mikate alilinunua marehemu mumewe, lakini msiba haujapoa, shemeji yake alikwishatia ufunguo mfukoni. Akamwachia jambo moja tu: aliendeshe, wanawe wapate kula. Siku akitumia mafuta kupita kiasi, ateremke.

Mama akapiga moyo konde. Alikanyaga mafuta kwa ncha ya mguu, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Akiona taa nyekundu kwa mbali, aliinua mguu mapema, gari likajisogeza lenyewe. Akishusha mikate dukani, alizima injini. Magurudumu aliyajaza upepo kabla ya kutoka, na machuma mabovu ambayo shemeji aliyasahau nyuma ya gari akayatupa uani. Ayazungushe mji mzima ya nini?

"Mama Polepole, mikate itaota ukungu hujafika!" walimtania wapakizi.

"Zitaanza ndevu zako kuota, mwanangu."

Kila jioni mshale wa mafuta ulikuwa bado juu. Alirudisha ufunguo kimya, akijua mshale utamsemea.

Kweli ukamsemea, tena vibaya.

"Shemeji, mafuta haya mbona hayaishi?"

"Naendesha taratibu, shemeji."

"Taratibu! Gari hili nimeliendesha mwenyewe, njia ile inakausha tangi. Wewe kwenye maduka ya kule mlimani hufiki. Mikate yangu unaipeleka wapi?"

"Waulize wenye maduka."

"Nikabishe hodi duka kwa duka kwa ajili yako?"

"Basi kesho panda nami, uone kwa macho yako."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Nikae pembeni, mwanamke ananiendesha? Watu watanionaje? Lete ufunguo."

Akautoa. Angefanya nini? Hata paa alilolala chini yake lilikuwa la shemeji.

Asubuhi yake ufunguo ulikuwa kwa kaka wa mke wa shemeji. Huyo aliwasha gari uani, akaliacha lingurume huku yeye akinywa chai. Moshi ukaingia chumbani kwa mama, watoto wakaanza kukohoa. Kisha akakanyaga mafuta, gari likaruka, na getini akapiga breki hadi kreti zikagongana.

Jioni alirudi tangi karibu kavu. Shemeji akachungulia mshale, akampigapiga kaka huyo begani.

"Huyu ndiye dereva. Huyu anafika."

Mama alikuwa dirishani. Alisikia kila neno. Akavuta dirisha, akalifunga, maana injini ilikuwa bado inanguruma.