Siku Nilipomtungia Marehemu Maneno

Kazi yangu ni kuandikia watu. Sina ofisi wala mwajiri. Nina laptopu, simu, na meza moja katika chumba changu mtaani Kaptembwo, Nakuru. Nimeandikia hoteli za Naivasha, nimewaandikia hotuba wenyeviti wa vikundi vya wakulima, na nimeandika barua za maombi ya kazi ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuzipata. Lakini kinachoniletea watu mlangoni zaidi ni wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kuwe na kijitabu chenye picha yake mbele, nyimbo za ibada, na kurasa mbili za maisha yake, zinazosomwa mbele ya jeneza watu wote wakiwa wameketi kimya. Kurasa hizo mbili ndizo shamba langu.

Nilijiona fundi. Nilikuwa na mpangilio wangu mmoja: alizaliwa, alisoma, alioa, aliokoka, aliugua, akapumzika. Katikati nilibandika sifa. Kila mwanamume niliyemwandika alikuwa mchapakazi, mcha Mungu na mwenye mkono wazi. Wangefufuka wote siku moja na kupewa vijitabu vyao, hakuna ambaye angejitambua.

Jumatano moja alinipigia mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupishwa njia. Baba yake, mkulima wa viazi huko Mau Narok, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Yeye ndiye kifungua mimba na ndiye aliyekuwa akisimamia mambo yote. Alinisimulia kila kitu kwa simu, nami nikiandika. Alipofika kwenye mwaka ambao baridi ilichoma viazi vya mlima mzima, alipunguza kasi.

"Majirani walibaki bila hata mbegu," akasema. "Ni kwetu tu kulikuwa na mbegu kwa stoo. Watu wote walipewa, bure. Hapo weka utamu kidogo, madam."

Utamu ndio nilioujua. Nilimsimamisha marehemu mlangoni pa stoo, ukungu ukipita, majirani wakiwa mbele yake na magunia matupu, nikamfanya aseme: "Siwezi kupanda peke yangu, jirani yangu akiniangalia." Niliipenda sentensi ile hadi nikafuta machozi kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni. Mwanaye alipoisoma akanijibu papo hapo: "Huyo ni baba kabisa!"

Alhamisi asubuhi nilipeleka kazi mjini kwa mchapaji. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, na baba yake alizaliwa Nakuru vilevile. Husoma mwenyewe kila kitu kinachopita kwenye mashine zake, hata kadi za harusi, akitelezesha rula chini ya kila mstari. Wateja wenye haraka humkimbia. Siku hiyo rula ilifika kwenye sentensi yangu, ikasimama.

"Haya maneno, nani alisikia?" akauliza.

"Mzee, hii ni eulogy tu. Hatuko kortini."

"Sijasema korti. Umeweka maneno kwa mdomo ya mtu, na yeye hawezi kusema hapana. Nani alisikia?"

Nilimwambia mwenye kazi ameipitisha, na mwenye kazi ndiye mwenye baba. Hakupandisha sauti. Alisema atachapa kurasa nyingine zote, ila ukurasa ule ungengoja hadi kesho. "Mtu hai nikikosea jina yake, anakuja hapa kunigombanisha," akasema. "Maiti haiji."

Nilitoka nikimpigia mwana wa marehemu. "Weka tu, madam," akasema. "Nani atauliza?" Nikakata simu, na hapo ndipo swali lake likaanza kunisumbua. Waliopewa zile mbegu wangekuwa wameketi pale pale mbele, Jumamosi. Mchana huo nikapanda Mau Narok. Nisijitie utakatifu: sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta shahidi mmoja tu, nikamfunge mdomo yule mzee na rula yake.

Kulikuwa na baridi ya kule, ile inayoingia mikononi kwanza. Vijana walikuwa wakisimamisha hema, wanawake wakimenya viazi vya wageni. Mjane nilimkuta jikoni, juu ya kigoda, kisu mkononi. Wenzake walikuwa wamemtandikia godoro sebuleni apumzike, akalikataa. Nikampa pole, nikamwambia ni mimi ninayeandika maisha ya mzee wake, na ningependa kumsomea.

"Soma, msichana wangu," akasema, akaendelea kumenya.

Nikasoma. Alizaliwa, alisoma, alioa. Kisu kiliendelea. Nilipofika kwenye stoo na ukungu na ile sentensi yangu, kisu kikanyamaza.

"Hayo hakusema," akasema. "Hata hakukuwa hapa."

"Alikuwa wapi, shosho?"

"Alikuwa ameenda Naivasha kutafuta mtu wa kununua hiyo mbegu. Si alikuwa na watoto wa kusomesha? Nyuma yake wakaja majirani. Wa kwanza alikuwa mama na mtoto kwa mgongo, hana hata kiazi moja ya kupanda. Nikafungua stoo. Nilisema nitampea debe moja tu. Kufika jioni, kulikuwa kumebaki ya shamba yetu peke yake."

Nilimwuliza mzee alifanya nini aliporudi. Alinitazama kwanza, kama anayepima kama ninafaa kuambiwa.

"Aliingia stoo, akakaa huko. Mimi nilikuwa hapa, nikingoja fimbo. Siku hizo tulichapwa kwa kitu kidogo kuliko hiyo. Akatoka, akanawa mikono, akakula. Hakuniuliza. Kesho yake hakuniuliza. Msimu uliofuata, tukiwa tunachagua mbegu, akaniambia, 'Za watu tutenge magunia ngapi?' Na tukatenga kila mwaka mpaka hii."

Nimeandika wafu wengi, na sijawahi kusikia kitu kikubwa namna ile kikisemwa kwa sauti ndogo namna ile. Mtu amerudi nyumbani, amekuta jasho lake limegawiwa, ameingia mle gizani akapigana na nafsi yake bila shahidi, akatoka akanawa mikono. Nami nilikuwa nimemfuta huyo, nikaweka mahali pake mtu wa kutoa hotuba mlangoni. Niliona aibu, lakini mshangao ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Mwanaye alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Mathe, hiyo haiwezi kusomwa," akasema. "Watu watasema baba alitaka kuuza mbegu na majirani wako na njaa." Kisha akanigeukia. "Na wewe madam, ni mimi nilikupatia hii kazi."

Ilikuwa kweli. Niliangalia viatu vyangu. Mamake ndiye aliyejibu.

"Hao watu wanajua nani alifungua mlango. Walikuja na magunia yao. Mkisoma hiyo ingine, wataangalia chini, waone haya kwa ajili yetu. Mimi nimekaa na huyo mtu mpaka meno yakatuishia mdomoni. Jumamosi nataka wamzike yeye. Wasimzike mtu mwingine."

Hapo nikasema jambo ambalo sikujua kama ninalo kifuani. Nilimwambia yule bwana kwamba akitaka sentensi yangu ibaki, atafute mwandishi mwingine wa kuipeleka, maana mimi niliitunga na sitaipeleka. Alitoka, nikamwona kupitia dirisha akienda kusimama peke yake kando ya shamba la ngano la jirani.

Mjane akaniambia niandike. Niliandika pale pale kwa kalamu, nikamsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba mumewe alimsamehe.

"Toa hapo," akasema. "Sijui kama alinisamehe. Andika hakuniuliza."

Nikafuta. Miaka yote niliyojiita mwandishi sikuwahi kuwa mwangalifu na neno kama mama huyu aliyekuwa na kisu cha viazi mkononi. Nilimsomea tena mara mbili, hadi akaridhika.

Nikiwa naaga, mwanaye alinifuata getini. Hakuomba kuona nilichoandika. "Peleka ichapwe," akasema. "Lakini nitasoma mwenyewe." Sikulala vizuri siku zile mbili. Msomaji ana uwezo ambao mwandishi hana: anaweza kuruka.

Jumamosi hema zilijaa, watu wakasimama hadi kwenye ua. Mwanaye alisoma vizuri, kwa sauti yake ile ya kupishwa njia, kuzaliwa, shule, ndoa. Alipofika kwenye mwaka wa baridi akanyamaza. Mtu mmoja akakohoa. Niliona kidole chake kikishuka chini ya ukurasa, kwenye ugonjwa wa mwisho, nikasema moyoni, basi, ameruka. Kisha kidole kikapanda tena. Akasoma yote: Naivasha, mama mwenye mtoto mgongoni, stoo, mikono iliyonawiwa, msimu uliofuata. Hakuna aliyeangalia chini. Wazee wa mstari wa mbele walivua kofia, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Nilidhani angeendelea na ukurasa. Alikunja kijitabu, akawapa watu mgongo, akamgeukia mamake.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika kabisa. "Ni mimi nilimwambia baba. Nilimngoja barabarani nikamwambia umemaliza mbegu. Nilijua atakuchapa. Nimekaa na hiyo maneno mpaka leo."

Ndiyo sababu hakutaka isomwe. Nilikuwa nimemdhania ni mtu wa kujali sifa.

Mamake hakuinuka. Alikuwa amejifunika blanketi mabegani, na alisema kwa sauti ile ile ya jikoni, lakini kwa kimya kilichokuwapo alisikika hadi uani.

"Najua. Hiyo ndiyo kitu moja alisema hiyo siku. Alisema, 'Huyo mtoto asiguswe. Amesema ukweli.'"

Mwanaye akaketi pale pale kwenye nyasi, suti na yote, kichwa akakilaza kwenye magoti ya mamake. Mchungaji alikuwa ameshasimama na Biblia yake. Akaifunga, akangoja.