Zawadi ya Kaka Haridas

Prabhavati hakuwa mtu wa kulialia. Duka lake la vitambaa pale Malindi alilifungua mwenyewe kila asubuhi, na wanawake wa mtaa wa Muyeye walijua hapunguzi bei hata umpigie magoti. Basi mtu wa namna hiyo ukimwona ameketi katikati ya ngazi ya nyumba yake, anatweta, miguu imevimba kama mihogo iliyorowekwa, ujue mambo yameharibika.

Na kwa daktari akaficha! Daktari Cynthia alipomwuliza anameza dawa gani za kisukari, alitaja zile za kliniki tu. Zile alizoagiziwa kutoka Bara Hindi na kaka yake Haridas wa Mombasa, kimya. Baba yao alipofariki, Haridas ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza. Dawa za mtu kama huyo utazisemaje kwa watu? Ndivyo alivyojidanganya, lakini maradhi hayajui heshima ya ukoo.

Picha ya moyo ikamuumbua. Moyo ulikuwa umetanuka, na kusukuma damu unajikongoja. Daktari akamkazia macho.

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Unameza nini kingine?"

Akaitoa pakiti mkobani. Daktari akaisoma, akaguna. "Hii inashusha sukari kweli, lakini huzuia maji mwilini, na mzigo wote unaubeba moyo. Si ya mtu mwenye moyo kama wako."

Akamwandikia nyingine, ya kutoa sukari kwa njia ya mkojo, ambayo huufaa pia moyo uliochoka. Majuma yakapita, uvimbe ukapungua, pumzi ikarudi. Ikabaki hofu moja: siku ya rakhi, dada anapomfunga kaka uzi mkononi na kumwombea uhai, naye kaka akampa zawadi. Zawadi ya Haridas ilijulikana: dawa zile zile. Kuikataa siku hiyo ni kumwaibisha mzee mbele ya jamaa wote.

Prabhavati akapiga moyo konde. Atamwambia, na akasirike!

Siku ikafika, Haridas akaja kutoka Mombasa. Alipanda ngazi akisimama kila hatua chache, na miguuni alivaa ndara. Haridas huyu, asiyetoka nje bila viatu vya ngozi vilivyong'arishwa!

"Bhai, kaka yangu, viatu viko wapi?"

"Vinabana siku hizi. Joto tu." Akaketi, akatoa mfuko wa dawa. "Zako hizi. Na mimi ndizo ninazomeza."

Maneno ya adabu aliyoyapanga Prabhavati yote yakamtoka. Akainama, akambonyeza kaka yake mguu kwa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Nani amekupima moyo, bhai?"

"Moyo una nini? Mimi nina sukari. Hebu funga uzi, watu wana njaa."

"Sifungi."

Jamaa waliojaa sebuleni wakageuza shingo. Haridas akawaka. "Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia. Dawa hizi zilikuwa zinaniua, nami nikanyamaza kwa kukuonea haya. Kila mwaka nakuombea uhai kwa uzi huu. Leo siombi tu, nakupeleka kwa daktari, sasa hivi. Chakula kitangoja. Uzi nitakufunga huko huko."

Haridas alimtazama kwa hasira, halafu akaitazama miguu yake mwenyewe. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Nishike," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ngazi naiogopa."