Kisahani cha Warrabeen

Keith Tregenza alikuwa mchomeleaji mstaafu wa Port Adelaide, mtu wa roho nzuri na mdomo mbaya. Tulikuwa wanaume tisa tuliokusanya honi za manowari za zamani na kuzifufua, kila Jumapili bandani kando ya maji, bia mkononi, tukisutana. Keith alituzidi sote kwa ufundi, na hakutuacha tusahau.

Mwaka ule alipata alichokitafuta maisha yake yote: honi ya Warrabeen, manowari alimofia kaka yake Lindsay mwaka 1943, alipoanguka kwenye ngazi ya chumba cha injini. Baada ya vita meli ilikatwa vyuma, na honi ikaishia kwa mfuga kondoo ambaye mkewe aliitumia kupandia maua. Lindsay alipoondoka, Keith alikuwa mtoto wa kubebwa. Dada yao Avis alikuwa na miaka kumi na minne. Alisimama gatini akaisikia honi ile. Sasa alikuwa kipofu, moyo umechoka, na kila Krismasi alimwambia mdogo wake maneno yale yale: "Wewe humjui Lindsay. Ulikuwa unanyonya."

Keith alitaka jambo moja tu. Avis aisikie honi, aseme ndiyo yenyewe.

Siku alipoifungua nilikuwepo. Ndani ya honi kuna kisahani chembamba cha shaba. Hewa ikikipiga kinatetemeka, na sauti yote inatoka hapo. Kile cha Warrabeen kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, wa zamani, umeshaota ukijani. Sisi watu wa honi tukiona ufa wa namna hiyo tunauacha, maana ndio unaoipa honi sauti yake. Lakini Keith alitaka dada yake apate kitu kizuri. Alikata kisahani kipya, akakisugua mpaka kikang'aa, kile cha zamani akakitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu.

Nilijua anakosea, nikanyamaza. Mwaka uliotangulia alitangaza mbele ya wote kwamba honi yangu haikutoka kwenye manowari bali kwenye meli ya kuchota matope. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Alipoenda kukojoa nilikiokota kisahani nikakitia mfukoni. Aumbuke kwanza, nikasema moyoni, halafu nitampa.

Siku ya kupuliza, Avis aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kavaa kofia yake ya kanisani. Desturi yetu ni kwamba mwenye honi anataja jina la meli, kisha hakuna anayefungua mdomo mpaka sauti iishe kabisa.

"Warrabeen," Keith akasema, akafungua hewa.

Ilitoka nene, safi, tamu. Tulisubiri ikaisha.

"Hiyo honi ya nani?" Avis akauliza.

"Ya Warrabeen, Avis. Jina limegongwa hapa ubavuni. Lete mkono uguse."

"Sigusi kitu mimi. Warrabeen ilikuwa inakoroma kama mzee mwenye mafua. Tulikuwa tunaicheka, Lindsay mwenyewe alikuwa anaicheka. Hii inaimba kama kinanda cha kanisa! Nirudishe nyumbani, Keith. Umenitoa kitandani kwa upuuzi."

"Trego!" akapayuka Des Rohrlach, mwenzetu mmoja, akimwita Keith kwa jina lake la utani. "Au na yako ya meli ya matope?"

Watu waliangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Keith aliimwaga ile ndoo sakafuni, akapiga magoti akipekua chuma kimoja kimoja. "Kile kisahani, jamani. Nani kakiona?"

"Si gari la chuma chakavu lilipita Ijumaa, likabeba vya juu?" nikasema. Kisahani kilikuwa nyumbani kwangu, juu ya friji. Nilipanga kumpa Jumapili inayofuata, nimeshashiba kisasi.

Avis alikufa Alhamisi.

Baada ya mazishi nilimpelekea Keith kisahani, nikamweleza yote. Hakunitukana. Laiti angenipiga, ningelala vizuri. Alikifunga kisahani mahali pake polepole, akafungua hewa, na honi ikakoroma vibaya, kwa sauti ya kukwaruza.

Alinigeukia, machozi yamejaa.

"Ndiyo hiyo?" akaniuliza. "Niambie basi. Ndiyo hiyo?"

Nilimwambia sijui. Sikuwahi kuisikia Warrabeen, na aliyeisikia tulikuwa tumetoka kumzika.