Mpira Ndani ya Sanduku la Bibi

Kila msimu ukikaribia, timu yangu huletewa mipira mipya, na mimi hufanya jambo ambalo wachezaji wangu wameshalizoea hata hawalicheki tena. Nauchukua mpira wa kwanza, naupeleka puani, nanusa. Unanuka mpira tu, kama unavyopaswa kunuka, na mimi nasikitika kidogo. Kwangu mpira wa kikapu usionukia udi una upungufu fulani. Nitawaeleza kwa nini, maana nyinyi nawaona si watu wa kunitangaza.

Kufundisha wanawake mpira wa kikapu ndiyo kazi inayonilisha leo, lakini wa kwanza kwetu hakuwa mimi. Alikuwa shangazi yangu Mariamu. Tuliishi Buyenzi, nyumbani kwa Bibi aliyemzaa baba yangu na huyo Shangazi, katika mtaa wa mafundi magari na washonaji, ambako ukitaka kulala mchana lazima kwanza ufanye urafiki na nyundo. Shangazi alicheza ujanani, goti lilipomkatalia akaanza kufundisha. Filimbi haikumtoka shingoni hata akiwa jikoni. Ukikaa umejikunja kwenye mkeka alikwambia, "We, inua kichwa. Chini unatafuta nini?" Tulikula wali tukiwa tumenyoosha migongo kama askari.

Bibi hakuutaka mpira ule hata kuuona. Mwanamke mzima kuruka mbele za watu, kwake lilikuwa jambo la kuombewa dua. Basi kila akiukuta mpira sebuleni aliutupa kwenye banda la kuku, na Shangazi aliuosha kabla ya mazoezi. Kuna kuku mmoja mwekundu aliyeamua kuuatamia. Aliulalia kwa subira na mapenzi makubwa, na kumwondoa pale ilikuwa vita vya kutoka na mikwaruzo. Mimi nilimwonea huruma sana kuku yule, kwa vile nilikuwa sijafika hata darasa la nne na niliamini kuwa siku moja kitatoka kitu.

Dada yangu Hadija alikuwa kwenye timu ya Shangazi, akicheza pivo, yule mrefu anayesimama chini ya kikapu. Alikuwa mrefu kwelikweli. Taa ikiungua alibadilisha balbu bila kupanda kiti. Bibi alimtazama akipita mlangoni ameinama na kuguna, "Nani ataoa muchikichi, mi naomba mutu aniambie." Kwa hiyo posa ilipoletwa kutoka Gatumba, ya kijana mfanyabiashara aliyemwona Hadija sokoni kichwa chake kikiwa juu ya vichwa vyote, Bibi alishukuru kwa sauti na akapanga siku ya wageni yeye mwenyewe, asije mtu akaghairi.

Siku hiyo ikaangukia siku ya mechi ya mwisho. Rais wa timu, bwana mwenye duka la vipuri, alikuwa amemwambia Shangazi maneno mawili. La kwanza, akishinda mechi hiyo ataajiriwa, alipwe kila mwezi kama wanavyolipwa makocha wa wanaume. La pili, akishindwa, timu anapewa mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa ameshaanza kuja kutazama mazoezi akiwa na miwani ya jua. Shangazi hakumweleza Bibi lolote kati ya hayo. Alipiga hesabu kimya kimya: wageni watakuja baada ya adhuhuri, watakula, watasema, wataondoka, na alasiri yeye na Hadija watakuwa uwanjani, ambao ulikuwa nyuma tu ya mtaa wetu.

Hesabu ile ilikuwa nzuri, ila haikuuliza mvua. Usiku ilinyesha, na barabara ya Gatumba ikawa uji. Gari la wageni likanasa. Adhuhuri ikapita, pilau likapoa, likapashwa moto, likapoa tena. Adhana ya alasiri ilipomalizika ndipo tuliposikia mlango wa gari ukibamizwa nje, na wakaingia wakiwa na matope hadi magotini, wakiongozwa na msemaji wao Mzee Ramazani. Mzee huyu alikuwa na sifa mji mzima kwamba hakuwahi kusema jambo fupi. Akiulizwa hali alianzia kwa babu yake.

Sasa eleweni desturi yetu. Siku ya wageni, shangazi ndiye anayemshika binti mkono na kumtoa chumbani. Bila yeye hakuna binti. Wala binti hatolewi hivi hivi. Kwanza hutolewa wengine, wamegubikwa kanga kuanzia utosini, na msemaji wa wageni aseme kama ndiye au siye. Akimkataa asiye, anapigiwa vigelegele. Akimkubali asiye, amekosea mtoto wa watu, na adabu yake ni kuanza upya: salamu upya, kutambulisha ukoo upya, kuomba upya, kama mtu aliyeingia sasa hivi.

Tulikuwa chumbani kwa Bibi, wanawake tupu, Mzee Ramazani akiunguruma sebuleni. Kutoka uwanjani tukasikia ngoma za mashabiki. Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga zake nzuri, hina mpya, na machozi yanamdondokea kwenye filimbi. Sikuwahi kumwona akilia.

"Na we una nini?" Bibi akamuuliza. "Muchumba wa Hadija ndiye anakuliza?"

"Apana, Mama. Leo nisipofika kule, kazi inakwenda kwa mwingine."

"Kazi gani?"

"Ya kufundisha. Rais wa timu alisema tukishinda ataniandika kazi. Mshahara kila mwezi."

Bibi akamgeukia vizuri. "Mbona hukusema ni kazi?"

"Ningesema, ungesikia?"

Nilidhani atapigwa kofi. Bibi alitazama mlango wa sebuleni, akatazama mlango wa uani, akauma ncha ya kidole chake kama afanyavyo akipima chumvi. "Mi najua muchezo," akasema. "Sikujua kazi. Mutu wa kazi hakai na machozi hapa, anaenda kazini. Hadija, funga viatu. Pitieni uani. Hawa wageni niachieni mimi."

"Mama, na tukichelewa?"

"Huyu Ramazani namujua tangu kijana. Wala hamutachelewa."

Wakatoka mbio, jezi ndani, kanga juu, na mimi nikawatupia mpira. Bibi akaanza kazi yake.

Wa kwanza kumtoa alikuwa Mama Shabani jirani, mfupi na mnene, na Mzee Ramazani akacheka hadi akakohoa. Siye. Vigelegele. Wa pili alikuwa Bibi mwenyewe. Alitoka amegubikwa, akitembea kibinti, na alipofika katikati ya sebule goti lake likalia. Siye. Vigelegele. Uwanjani umati ukanguruma, na Mzee Ramazani akauliza kuna nini huko. Bibi akajibu kutoka ndani ya kanga kwamba jirani anaoza binti, maskini, kila mtu na furaha yake leo.

Alirudi chumbani anahema. "Bado hawajarudi?" Hawakuwa wamerudi. Akaniangalia mimi. Kisha akamwangalia Salama, mtoto mkubwa wa Mama Shabani, aliyekuwa na mabega mapana kwa kubeba ndoo. Nikajikuta nimepandishwa mabegani kwa Salama, kanga mbili zimetufunika sote, moja juu, moja chini, na Bibi akitushika mkono kama anaongoza tembo. Humo ndani kulikuwa na joto la udi na mafuta ya nywele. Nilisali kila sala niliyofundishwa madrasa, pamoja na ile ya kuingia chooni.

Tukatolewa sebuleni. Mzee Ramazani aliambiwa jambo moja tu kuhusu Hadija kabla ya kutoka Gatumba: kwamba ni mrefu. Akainuka taratibu, akatazama kule juu nilikokuwa, akasema kwa heshima kubwa, "Huyu sasa, bila mashaka yoyote, ndiye mutoto wetu."

Bibi akaifunua kanga ya juu. Nikatabasamu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Salama naye akachungulia kwa chini kutafuta hewa.

Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mzee Ramazani alisimama mdomo wazi, akisogeza kofia mbele na nyuma. Bibi peke yake hakucheka. Alimwambia kwa upole, "Ramazani, umekosea mutoto wa watu. Anza."

Basi akaanza. Mtu mwingine angefupisha kwa aibu, lakini yeye aliona ameharibu jina lake na dawa ni kulisafisha. Alianza na salamu. Akaeleza safari, matope, gari lilivyonasa na aliyelisukuma. Akautaja ukoo wa kijana, akakumbuka tawi alilolisahau mara ya kwanza, akalirudia kwa faida ya wote. Ngoma za uwanjani zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na yeye yumo tu. Mara ukasikika ukelele mmoja mrefu wa watu wengi, halafu filimbi. Bibi alifumba macho.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Hadija aliletwa sebuleni na Shangazi, amegubikwa vizuri, hatua ndogo ndogo kama inavyotakiwa. Shida ilikuwa miguuni. Hakuvua viatu. Chini ya kanga ya dhahabu vilionekana viatu vya mpira vikubwa kama mitumbwi, na kila hatua vililia sakafuni. Shangazi wa kijana, mwanamke wa Gatumba aliyekuwa amekaa mbele kabisa, aliviona. Sisi tuliona kwamba ameviona. Bibi akashika tasbihi.

Mama yule akaviangalia kwa muda, akaangalia jasho lililolowesha kanga mabegani. Kisha akamsogezea Hadija kichwa, akauliza polepole, "Na mumeshinda?"

Binti siku hiyo hasemi neno, anaangalia chini. Hadija alijitahidi kidogo, akashindwa. "Tumeshinda, Mama," sauti ikatoka ndani ya kanga, na Shangazi aliyemshika mkono akaanza kulia tena, safari hii bila kuficha.

Mzee Ramazani akauliza kama aanze upya. Wageni wake wote wakamwambia apana.

Hadija aliolewa, akawa anashusha vitu vya mumewe kutoka rafu za juu za duka. Shangazi akaandikwa kazi, akalea timu ile miaka mingi, akaitwa kufundisha hata nje ya nchi. Mimi nilimfuata, filimbi ile ile.

Lakini jioni ile wageni walipoondoka, Bibi aliuokota mpira sebuleni, na mimi nikasubiri kuusikia ukianguka bandani. Aliufuta kwa kitambaa, akafungua sanduku lake la mbao chini ya kitanda, akautumbukiza, akafunga kwa ufunguo aliokuwa akiufunga kwenye pindo la kanga. Nilimkasirikia sana. Niliona jela imezidi. Tangu siku hiyo Shangazi alipotaka mpira alilazimika kuomba, na Bibi aliutoa mwenyewe, unanukia udi, huku akinung'unika juu ya wanawake wanaoruka. Hakuja uwanjani hata siku moja.

Alipofariki, tulilifungua sanduku mimi na Shangazi. Sikuwa nimewahi kuona yaliyomo. Kulikuwa na kanzu ya Babu aliyokufa akiwa nayo, iliyokunjwa. Kulikuwa na kanga aliyoolewa nayo, na kitambaa alichomfunikia mtoto wake wa kwanza, ambaye hakuishi. Na katikati, umefungwa ndani ya kanga safi kama kichanga, mpira wetu wa zamani, umeishiwa upepo.

Shangazi aliupeleka puani. Kisha akanipa mimi.