Ahsante Niliyowapa Watu wa Dawa ya Bure

Kupeleka dawa ya miti bure kwa maskini ni kazi ninayoijua. Nimeifanya tangu sijaota mvi, na sijapata kuivalia fulana ya mradi. Mtoto ana tumbo, namchumia majani ya mpera. Mwenye mafua, kivumbasi. Skuli nilisoma madarasa mawili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Nyumba yangu ya matofali nimeijenga kwa pesa za mwani na muhogo. Dawa sijauza hata jani moja.

Kwa hiyo walipokuja wale wa mjini na magari mawili, wakasimamisha hema kwenye kiwanja cha skuli yetu huku Micheweni, nilikwenda kuwatazama kama fundi anavyotazama kazi ya mwenziwe. Chupa za plastiki, ndani maji meusi. Mkubwa wao, mwanamme wa makamo mwenye kofia mpya, akatusomea maradhi yanayoponywa na chupa ile: presha, sukari, pumu, mgongo, utasa, hasadi.

Nikamuuliza, "Humu mna mti gani?"

"Ni mchanganyiko, bibi."

Mchanganyiko. Hata maji ya kuoshea vyombo ni mchanganyiko.

Ningecheka nikaenda zangu, lakini mbele ya foleni alikuwapo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ana sukari. Alijikata unyayo kwenye jiwe akienda pwani kufunga mwani kambani, na kidonda kikakataa kufunga. Hospitali walimwambia waziwazi: ameze vidonge kila siku, arudi kusafishwa, la sivyo mguu utakatwa. Na mwenye kofia alikuwa keshamwambia kuwa anayeanza chupa huacha vidonge, visije vikagombana tumboni.

Nikamvuta kanga. "Usiache vidonge, wifi. Mie mwenyewe sina mti wa sukari, na hawa hawana."

"Weye una wivu," akasema, na watu wote wakasikia. "Umezoea kuwa bibi dawa peke yako. Leo wamekuja wenye chupa, roho inakuuma."

"Inaniuma kwa mguu wako."

"Mguu ni wangu. Na vidonge n'shavitupa chooni."

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Mtu aliyechuma majani umri wake wote, akaona umati unasukumana kwa maji meusi, akisema hana wivu ni mwongo. Lakini mguu ulikuwa unanuka, na pua yangu haina wivu.

Sasa, kwetu dawa haishukuriwi. Ukipewa jani, ukipewa mzizi, hata mafuta ya kuchua, unapokea kimya na kuondoka. Ukisema ahsante umeivunja, haikufai tena. Mtoto mdogo anajua. Wale wa mjini ama hawakufunzwa, ama walishasahau.

Mwenye kofia akatoa simu apige video ya kuwaonesha wafadhili wao. Akamwelekea mzee wa kwanza. "Mzee wangu, toa neno la shukrani." Mzee akatazama miguu yake. Wa pili akakohoa. Wifi yangu akabana midomo, akaikumbatia chupa kama mtoto mchanga.

"Watu wa huku vipi?" mwenye kofia akamuuliza sheha, kiongozi wetu wa mtaa. "Mtu anapewa bure, hata ahsante hana?"

Sheha, ambaye anajua vyema na mwenyewe alikuwa na chupa mbili kwapani, akajibu kuwa wana haya.

Hapo nikaamua. Nikamwambia, "Nielekezee mie simu hiyo."

Nikasimama mbele yao. "Kwa niaba ya kila aliyepokea chupa hapa, na walio foleni, na wagonjwa walio nyumbani waliochukuliwa zao, tunasema ahsanteni. Ahsanteni kwa kila chupa. Ahsanteni sana." Nikaongeza nyingine kwa zile za sheha.

Mwenye kofia akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema mimi ndiye muungwana pekee aliyemkuta pale. Nyuma yake watu walikuwa wanaziweka chupa majanini, mmoja mmoja. Mama mmoja alimimina yake kwenye shina la mnazi. Wifi yangu alikuwa wa mwisho.

"Umeniulia dawa yangu," akasema.

"Nimekuulia."

Mkiniuliza kama ahsante huvunja dawa kweli, sijui. Sijapata kuijaribu kwa mizizi yangu, wala si mjinga wa kuvunja kitu nipate kuona kama kinavunjika. Nilijua tu kwamba wifi yangu anaamini, na kwamba akili yake siku ile haikuwa na mlango mwingine wa kuingilia.

Asubuhi yake nikampeleka hospitali. Alikubali kwa kuwa hakubakiwa na kingine. Wakamgombeza, wakamsafisha, wakampa vidonge vipya. Kidonda kilichukua miezi. Kidole kimoja kilikatwa, kile kidogo.

Mpaka leo anasema chupa ile ingemwokolea kidole. Anayasema hayo misibani na harusini, mbele ya watu, amesimama wima kwa miguu yake miwili. Namwacha aseme.