Ulimi wa mgema ulivyonimwagisha pombe ya mahindi

Wakuu mnaokunywa chai hapa Mtopanga, hamjambo nyote.

Naona wenzangu wanabandika karatasi zao kwenye ukuta huu. Mmoja anatafuta mbuzi, mwingine anatafuta mke. Nami leo nabandika yangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, mimi Charo, na yeyote aliyekuwepo akiona nimeongeza chumvi anisute papa hapa chini.

Shule nilionja tu, msihangaike na mwandiko.

Wengi mnanijua nilikuwa mgema. Tangu ujana wangu nimegema minazi ya Bwana Athmani kule Magogoni, asubuhi niko juu, jioni niko juu.

Kisha nikaanguka.

Sikuanguka kwa uzembe. Vidato vya juu vya mnazi ule, pale tunapokanyaga, alivikata Karisa, mgema mwenzangu, nami namtaja ili ajue nimemtaja. Alivikata vya kina cha ukucha kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda ngomani. Mguu ukakosa pa kushika. Nawajua watu walioanguka kimo kile wakazikwa. Mimi niliinuka, ila nyonga haikurudi mahali pake mpaka leo.

Nilipotoka hospitali nikakuta minazi yangu inagemwa. Na nani? Na Karisa. Bwana Athmani naye namtaja. Hakungoja hata ajue kama nitatembea.

Basi. Niendelee na pombe.

Paa la nyumba yangu lilikuwa limeoza, ukilala chali unaona mawingu. Sidi, mke wangu, alikuwa ameshona makuti mapya yakatosha, yamepangwa uani, mchwa wameshaanza kuyatembelea. Na masika hayo yanakuja. Mimi hata ngazi siwezi.

Kwetu kuezeka hakuna kibarua, mnajua. Unaalika majirani, wanapanda, na wewe kazi yako ni mtungi wa pombe. Mtungi ukiwepo, nyumba inaisha siku hiyo hiyo. Usipokuwepo, watakuja vilevile, watakuuliza hali ya nyonga, kisha kila mmoja atakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Wakuu Waislamu mniwie radhi, ninyi someni habari ya makuti, ya mtungi mpite.

Zamani mtungi haukunipa shida, mnazi wa kunywa niliuteremsha mwenyewe. Sasa mnazi wa kutosha watu wote wale ulikuwa kwa Karisa tu. Mimi niende kwa Karisa na kibuyu mkononi? Heri mvua ininyeshee kitandani.

Ndipo nikamwendea Mama Wafula, jirani yetu. Ni mtu wa bara, mumewe alikuja kukata mkonge. Kwao pombe ni ya mahindi, nao huipika wanawake. Nilipomwambia nataka kujifunza, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Kadzo, wewe mwanamume mzima na ndevu zako, ukae jikoni ukaange unga?"

"Nitakaa."

"Haya. Lakini usinifanyie ujuaji."

Kazi yenyewe ni hivi. Unga wa mahindi unaukanda kwa maji, unauacha uchachuke. Kisha unaukaanga juu ya bati mpaka uwe kahawia. Ukipoa unautia maji ndani ya mtungi, unachanganya na kimea, yaani wimbi lililooteshwa likaanikwa na kusagwa. Unafunika, unangoja, halafu unachuja.

Ukipoa. Hilo neno alilisema, nami nililisikia.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mkono wa mgema si mkono, ni gamba. Miaka yote ya kukumbatia minazi umeota sugu kama kisigino. Nikatia kiganja kwenye ule unga, nikaona umepoa kabisa. Nikautia mtungini na maji, kimea kikafuata.

Tukangoja. Mtungi kimya. Tukangoja tena. Mtungi kimya kama uji wa mgonjwa, kisha ukaanza kunuka.

Mama Wafula alipofunua aliniuliza nilipimaje joto. Nikamwonyesha kiganja. Akakishika, akakigeuza, akamwita Sidi.

"Mama Kadzo, njoo uone. Mumeo amekichemsha kimea kikafa, na yeye mwenyewe hakuungua."

Akaniambia siku nyingine nipime kwa upande wa ndani wa kiwiko, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Mtungi wa kwanza ukaenda kwa bata.

Wakuu, siku zile vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha. Unga ulikuwa wa foleni, na duka likifungwa ukiwa nyuma unarudi na kikapu kitupu. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa umemwaga chakula cha nyumba. Sidi hakunigombeza. Alikoroga uji mwepesi siku ile, akaniwekea mbele, akanitazama nikiunywa. Ningependa angenigombeza.

Mtungi wa pili nikapima kwa kiwiko. Ukaamka vizuri, ukatoa povu. Nikafurahi.

Kesho yake nikauonja. Uchungu! Ukali wa kukunja uso!

Mnielewe hapa. Mnazi asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, kesho yake ni siki ya kutilia kachumbari. Hiyo ndiyo saa niliyoijua maisha yangu yote. Kwangu mimi pombe iliyolala ikawa chachu imekwisha kufa.

Bado nina shaka, nani akapita? Karisa huyo, na kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni. Nikamwonjesha. Akatema chini.

"Siki hii, Charo. Mwaga kabla hujawatia watu tumbo la kuhara."

Nikamwaga. Chini ya mgomba, mtungi mzima.

Mama Wafula akaja na kitambaa cha kuchujia begani, akaiona ile ardhi inatoa povu.

"Umemwaga nini hapo?"

"Ilikuwa imeharibika, mama. Imekuwa kali."

"Kali? Ilikuwa inaanza kuwa pombe!" Akakaa chini pale pale. "Ndiyo njia yake, inapita kwenye ukali kwanza. Nani amekuambia umwage?"

Nikamtaja.

"Mgema amemuuliza mgema habari ya mahindi," akasema, akaondoka na kitambaa chake.

Sidi sasa alisema, tena kwa upole. "Ukimwaga na wa tatu, Baba Kadzo, tutakula makuti."

Karisa mpaka leo anaapa hakujua. Nami nasema alijua. Soma hapa Karisa, jibu hapa.

Mtungi wa tatu ulikuwa ni unga wa mwisho ndani ya nyumba, na mawingu yalikwisha kuanza kujipanga upande wa bahari. Majirani nimewaalika tayari. Mama Wafula akaufunika kwa jani la mgomba, akaniambia nisiuonje, nisiufunue, nisiukaribie kwa ulimi wangu ule.

"Kama huwezi kukaa mbali, tega sikio. Ukinong'ona, bado. Ukinyamaza, niite."

Nikawa natega sikio. Watu walipita wakaniona nimeukumbatia mtungi, wakasema Charo aliangukia kichwa. Nikawaacha. Ulinong'ona, ukanong'ona, kisha asubuhi moja ukapunguza, ukanyamaza. Nikamwita.

"Abee!"

"Umenyamaza!"

Tukachuja. Mama Wafula akaonja wa kwanza, akafumba macho, akampa Sidi ile kata ya kunywea. Sidi akaonja, akacheka. Mimi nikapewa wa mwisho. Ilikuwa kali, lakini ukali wake ulikuwa na utamu nyuma yake. Sikuwahi kuonja kitu kama kile juu ya mnazi wowote.

Watu walikuja. Walipoona rangi ya kahawia walisitasita, wakauliza kama ni dawa. Mmoja akajaribu, akaomba kata nyingine, akapanda. Baada ya hapo makuti yalikuwa yanaruka juu kama kunguru.

Karisa naye alikuja, tena akanywa kuliko wote.

"Siki inashuka?" nikamuuliza.

"Hii si ile, bwana," akajibu huku anafuta mdomo. Lakini upande wake aliuezeka sawasawa, hilo siwezi kumnyima. Nilimkagua kila kuti.

Masika yaliingia mchana, kwa kishindo. Tulikuwa wote ndani, tumetazama juu. Halikudondoka hata tone. Ndipo Sidi akakivuta kitanda mpaka katikati ya chumba, pale palipokuwa pakivuja kuliko pote, akajinyoosha, akalala usingizi mchana kweupe.

Sasa wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mimi si mwanafunzi mzito, ila nilikuwa naiendea kazi mpya kwa mkono na ulimi wa kazi ya zamani, na vyote viwili vilinidanganya. Bora ningekuwa sijui kitu, ningemsikiliza mwalimu. Mnaotaka kuanza, pimeni kwa kiwiko, na mkiona ukali msikimbilie mgomba.

Nyonga inauma bado, na waliosababisha nimewataja. Lakini nina kazi ya kufanya nimekaa, na watu wananijia.

Wimbi limeadimika siku hizi. Je, mtama wa Jomvu Kuu unatoa kimea kizuri, au nitapoteza unga tena? Mwenye kujua aandike hapa chini, penseli nimeifunga msumarini. Wagema msinijibu.

Charo, Magogoni