Unyayo wa Method

Nkinda alikuwa na tabia iliyowachekesha watu wa kitongoji chake, nje kidogo ya Mwandoya: akikutana na mtu, macho yake yalianzia miguuni. Angekuambia kiuno kinakuuma kabla hujamaliza kuitikia salamu yake ya "Mwangaluka". Mtu akisimama, alisema, uzito hukaa kisiginoni. Akitembea, uzito huanzia kisiginoni, ukapita ukingo wa nje wa wayo, ukaishia kwenye kidole gumba. Akikimbia, kisigino hugusa ardhi kwa shida na vidole ndivyo vinavyochimba. Na juu ya hayo yote kila mtu ana mkanyago wake. Kwa maarifa hayo sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walimwita kila kilipoibwa kitu, miaka kumi na minane sasa, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, tuseme ukweli.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua, Martha aliamka akakuta gunia lake la choroko limebebwa. Martha ni mjane, na gunia hilo ndilo lilikuwa mavuno yake yote. Nyayo za mtu mmoja, aliyetembea peku, zilitoka mlangoni, zikakata tope jeusi la mbuga, zikapotelea kwenye changarawe za barabara. Nkinda akachuchumaa. Mguu wa kushoto: ukingo wa nje umezama, kisigino kimechimba, kidole gumba kama hakipo.

"Huu ni wa Method," akasema, halafu akatamani kuyameza maneno yake.

Method ni kaka wa mkewe. Aliwahi kuteguka kifundo cha kushoto akicheza mpira, na tangu hapo hukanyagia pembeni. Fabian, mkuu wa sungusungu, hakuuliza mara mbili. Akaita kikao saa kumi jioni, na kila mtu alijua kinachomsubiri Method: kutengwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuuzia chumvi, hata ukifiwa utachimba kaburi peke yako.

Mchana mkewe, Anyesi, alimwekea Nkinda ugali bila kumtazama. Ndipo Method alipoingia. Hakuja kwa ugomvi, na hilo lilimtesa Nkinda zaidi.

"Shemeji, mimi nililala kwangu. Choroko za yule mama ningezipeleka wapi?"

Alipoondoka, Nkinda alitoka kuangalia nyayo zake uani. Ukingo wa nje ulikuwa umezama, ndiyo. Lakini kisigino kilikuwa chepesi, na kidole gumba kilijichora chote. Akainama, akasimama, akainama tena. Huyu ni yeye au siye? Mguu ni uleule, mbona unasema maneno mawili? Akajisikia mjinga. Mwishowe akakumbuka kwamba mwizi alikuwa na gunia begani. Labda tofauti ilikuwa hapo.

Kwenye kikao aliomba gunia la choroko. Akamwambia Method alibebe kwa bega la kushoto, avuke tope. Method akavuka, jasho likimtiririka. Nkinda akatazama. Kisigino kilikuwa kimechimba, ukingo umezama, kidole gumba hakipo. Ulikuwa unyayo wa mlangoni kwa Martha, haupungui kitu.

Watu wakaguna. Anyesi akaanza kulia.

Nkinda angeweza kuishia hapo. Kesi ilikuwa imekwisha na sifa yake iko palepale. Lakini kulikuwa na kitu kilichomkera, na hakujua ni nini.

"Mkuu," akamwambia Fabian, "hebu libebe na wewe."

"Mimi? Mimi ndiye mwizi?"

"Libebe tu, mkuu wangu."

Fabian akalibeba akinung'unika. Kisigino kikachimba, ukingo ukazama, kidole gumba hakikuonekana. Akaitwa Novatus, mwenye duka, mtu mwembamba. Ikawa vilevile. Nkinda akajitwisha mwenyewe, akavuka, akageuka kutazama alipopita. Nyayo zilikuwa za watu wanne, na yeye, Nkinda, hakuweza kuzitambua hata zake.

"Sasa mwizi ni nani?" Fabian akauliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ulisema—"

"Nilisema. Sijui, mkuu. Mwenye mzigo begani sijui kumsoma. Nadhani sijawahi kujua."

Watu wakaanza kucheka, wengine wakampigia Method makofi. Method akaketi palepale kwenye tope. Katikati ya kelele hizo akasimama Nyamizi, mwanamke anayeishi na wanawe watatu nyuma ya kisima. Miaka sita iliyopita mumewe, Januarius, alitengwa kwa wizi wa pamba, akashindwa kuvumilia, akahama kijiji. Shahidi alikuwa Nkinda.

"Mzee Nkinda," akasema taratibu, "yule mwizi wa pamba, si alikuwa na mzigo?"

Kicheko kikakatika. Nkinda akaukumbuka mzigo ule, furushi kubwa la shuka.

"Mumeo yuko wapi sasa, mama?"

"Sijui," Nyamizi akasema. "Nilidhani wewe unajua kufuata nyayo."